Gari ya hibridi Masisi: juu ya nini motere inawaka yenyewe asubuhi, na batri inashika umeme namna gani

«Hiyo gari ya umeme, sisi huku tutaishaji wapi?» Ndilo swali la kwanza tunalopata kila tunapogusa habari ya magari ya hibridi kwenye kipindi. Na ni swali la haki. Masisi na Walikale, nyumba yenye umeme wa waya ni ya kutafuta kwa tochi. Watu wanaishi na paneli za jua, na jenereta siku esanse inapopatikana.

Jibu: hauishaji popote. Hibridi ya kawaida, kama Toyota Prius au Toyota Aqua, haina hata tundu la kuchomeka waya. Umeme wake wote unatoka sehemu mbili: esanse unayomimina, na mwendo wa gari yenyewe wakati inapunguza kasi. Magari haya yalianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Leo yamejaa Kampala, Nairobi na Kigali, na mengine yanafika Goma yakiwa yameshatumika miaka kumi na zaidi. Barabara zetu si zake, tuseme ukweli, maana yamekaa chini na matope ya huku hayana huruma. Lakini bei ya esanse inawasukuma watu kuyajaribu, na mengine yanapanda mpaka kwenye vijiji vya juu.

Dereva mmoja wa Goma alitusimulia yaliyompata. Alipanda na Prius yake ya mwaka 2006 kwenda matanga, akalala kijiji kimoja upande wa pili wa Mushaki. Asubuhi, ukungu bado umelalia malisho, akabonyeza kitufe. Gari ikakaa kimya kidogo, kisha motere ikawaka yenyewe na kunguruma, yeye hajagusa pedali. Kwenye ekrani alama za batri zilikuwa sita. Alipomaliza mpando wa kwanza zimebaki mbili. Akasimama, akampigia fundi simu. Fundi, bila kuiona gari, akamjibu: «Batri imekufa. Utafute pesa nikuletee ingine.» Pesa aliyotajiwa ingenunua ng'ombe na ndama wake. Dereva akaendelea kuteremka na moyo mzito. Kabla hajafika Sake, alama zote nane zilikuwa zimejaa, na motere ikaanza tena kunguruma, sasa kwenye mshuko, mguu wake uko mbali na esanse.

Batri iliyokufa inajaa vipi ndani ya nusu saa? Haikuwa imekufa. Yote matatu aliyoyaona ni kazi ya kawaida ya gari hiyo, na fundi anayejua angemwambia hivyo bure.

Ndoo isiyojazwa

Tuanze na batri yenyewe. Kwenye Prius ile iko nyuma ya viti vya abiria, chini ya mizigo. Ndani kuna vipande 28 vilivyosimamishwa kama vitabu kwenye rafu. Kila kipande kina seli 6, kila seli volti 1.2, kwa hiyo kipande kimoja ni volti 7.2 na vyote pamoja volti 201.6. Aqua ina vipande 20, volti 144. Si batri ya risasi na asidi kama zile za sola zetu. Ni ya nikeli, pamoja na metali iliyochanganywa ili iweze kunywa hidrojeni na kuitoa tena. Hakuna maji ya kuongeza.

Sasa, watu wakisikia volti 200 wanadhani kuna umeme wa kuwasha kijiji. Hapana. Umeme wote unaoingia humo ni karibu kilowati-saa 1.3. Kwa lugha ya sola: ni karibu sawa na batri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ile unayoiona kwenye duka la kunyoa na kushaji simu. Ndiyo hiyo inasaidia kusukuma gari yenye watu watano.

Na hata hicho kidogo hakitumiwi chote. Mwenye sola anajua: ukiishusha batri mpaka mwisho kila usiku, mwaka hauishi unanunua nyingine. Ya nikeli nayo ina adabu zake. Ukiijaza kupita kiasi inageuza umeme kuwa joto na kujenga hewa ndani ya seli. Ukiikausha, ile seli dhaifu kati ya wenzake inageuzwa upande na kuharibika. Kwa hiyo kompyuta ya gari inaibakiza batri kati ya asilimia 40 na 80, na inapenda sana ikae karibu na 60.

Mama anayetoka chemchemi na ndoo kichwani haijazi mpaka mdomoni, anaacha nafasi maji yasimwagikie njiani. Batri ya hibridi nayo inaachiwa nafasi juu, ili gari ikipunguza kasi umeme wa breki upate pa kuingia. Na inaachiwa akiba chini, kwa sababu moja kubwa tutakayoifikia.

Hizo alama nane za ekrani, basi, hazipimi batri nzima. Zinapima lile eneo la katikati tu. Nane zikijaa, batri iko karibu asilimia 80. Ikibaki moja, bado kuna karibu asilimia 40 ndani. Fundi anayehukumu batri kwa alama za asubuhi moja ni sawa na daktari anayepima homa kwa kuangalia shati.

Motere inaimba, batri inalima

Twende kwenye asubuhi ya baridi. Motere ya esanse ikiwa baridi inachoma vibaya, oili ni nzito, na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, katalizeri, hakifanyi kazi vizuri mpaka kifike karibu digrii 300. Watengenezaji wanabanwa na sheria za moshi za nchi zao. Kwa hiyo kitu cha kwanza kompyuta inachotaka si kutembea. Inataka kupasha moto.

Ndiyo maana motere inawaka yenyewe sekunde chache baada ya neno READY kutokea. Kompyuta inachelewesha cheche ya buji kwa makusudi. Cheche ikichelewa, nguvu ya mlipuko haiendi yote kwenye pistoni; sehemu kubwa inatoka kama joto kwenye bomba la moshi, na katalizeri inapata moto haraka. Unasikia mzunguko mkubwa, lakini motere haitoi nguvu ya maana. Hali hiyo inadumu karibu dakika moja.

Na wewe ukitia gari mwendo ndani ya dakika ile, nani anasukuma? Batri. Motere inanguruma mbele, lakini umeme wa nyuma ndio unaobeba watu na mizigo. Umewahi kuwa kwenye salongo na yule anayeimba kwa sauti kuliko wote huku jembe lake halijagusa udongo? Ni hivyo. Ukikanyaga sana, kwa mfano kijiji kimekaa chini ya mlima na njia inaanza kupanda mlangoni, motere italazimishwa kuingia kazini, lakini batri imeshalipa sehemu kubwa. Alama sita zinakuwa tatu. Haikuibiwa, imetumika.

Baada ya hapo kuna hatua nyingine. Maji ya radiatere yakiwa chini ya digrii 40 hivi, motere haikubali kuzima kabisa. Kati ya 40 na 70 inaanza kulegea kidogo kidogo, lakini ukisimama bado inaweza kuendelea kuunguruma. Yakipita karibu digrii 70, na gari ikasimama sekunde chache ili kompyuta ihakikishe kila kitu ni sawa, ndipo inaanza kuzima motere kila unaposimama. Hapo sasa hibridi imekuwa hibridi.

Mtu anayetembea kilometa mbili kwenda kanisani, anazima, kilometa mbili kwenda soko, anazima, hafiki hatua hiyo hata siku moja. Halafu analalamika: «Waliniambia inakula kidogo, mbona inakula kama zingine?» Kwenye nyanda za juu za Masisi, ambako milima inapita mita 2,000 na asubuhi mtu anavaa koti, kupasha moto kunachukua muda kuliko kule chini kwenye pori la Walikale. Tena ukiwasha joto la ndani ya gari kwa ajili ya mtoto, unaiba joto kutoka yale yale maji ya radiatere, na motere inakaa macho zaidi.

Kuna wenye magari walionyang'anywa katalizeri, maana ndani kuna metali ya bei na wezi wanajua. Wanauliza: kama sina katalizeri, mbona inaendelea kunguruma asubuhi? Kwa sababu kompyuta haibadilishi utaratibu wake wa kupasha moto. Inafuata joto la maji, inafanya kazi yake ya kila siku.

La kufanya asubuhi si kusubiri dakika kumi uani. Hiyo ni esanse ya bure. Iache dakika moja ile ya kwanza, kisha ondoka polepole, usikimbilie mlima. Na usihukumu batri kabla ya robo saa ya mwendo.

Mlima unachukua, mshuko unarudisha

Kwenye mpando mrefu batri inasaidia motere mpaka inakaribia ule mpaka wa chini, kisha inakataa. Kuanzia hapo motere ya esanse inabeba peke yake, na kwenye mita 2,000 yenyewe imeshapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Motere ya umeme haijali hewa, lakini inahitaji batri yenye kitu ndani. Kwa hiyo gari kuwa nzito juu ya Mushaki si dalili ya ugonjwa. Ni kamotere kadogo kanakopumua kwa shida.

Mshuko wa kwenda Sake ni kinyume. Gari inageuza mwendo kuwa umeme, na kwa kuwa nafasi iliyobaki kwenye batri ni ndogo, kama nusu ya kilowati-saa tu, inajaa haraka. Kwa hesabu ya mwendo na uzito, mshuko wa mita 200 unaweza kuijaza. Ule wa Sake ni mrefu kuliko huo. Batri ikijaa, umeme hauna pa kwenda tena. Kompyuta inaanza kuzungusha motere ya esanse bila kuipa esanse, ili umeme uliozidi umalizikie hapo. Ndiyo ile sauti iliyomtisha dereva wetu.

Hapa ndipo kuna hatari ya kweli. Batri ikijaa, ule msaada wa umeme kwenye breki unapungua, na breki za kawaida zinabaki na kazi yote, kwenye kona, na gari imejaa viazi. Weka mkono wa gia kwenye herufi B mapema, tangu juu, usisubiri kusikia harufu ya breki. B inamaanisha motere ikushikilie.

Kinachoiua kweli

Ikiwa baridi ya asubuhi haiui batri, ni nini kinaiua? Kwanza joto. Batri inapoa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Abiria wetu wanafanya nini? Wanaegemeza hapo gunia la makala, kapu la jibini, mkoba wa safari. Feni inavuta vumbi la barabara ya Sake na mchanga mweusi wa lava wa Goma mpaka inavaa koti. Hewa haipiti, batri inachemka, na seli za katikati, zile zisizopata upepo, ndizo zinatangulia kufa. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya saa moja au mbili, na ni bei ndogo sana mbele ya batri. Ukisikia upepo mkali nyuma ya kiti kila siku, hata asubuhi, anzia hapo.

Pili, herufi N. Tunasimama sana: barieri, lori limekwama, daraja linatengenezwa. Madereva wengi wana mazoea ya kuweka N. Kwenye hibridi, ukiwa N batri haishajiwi hata kama motere inawaka, na taa na feni zinaendelea kunywa. Weka P. Na ujue, maadamu READY inaonekana, motere inaweza kuwaka muda wowote bila ruhusa yako. Mtu asiingize mkono kwenye mikanda kwa kuamini gari imezima, na kwenye barieri ni vizuri kuizima kabisa kabla watu hawajashtuka.

La tatu ni la njia ya Walikale hasa, na ndiyo ile sababu ya akiba. Gari hii haina demareri ya kawaida. Motere ya esanse inazungushwa na umeme wa batri kubwa. Esanse ikiisha, gari itakubali kutembea kidogo na umeme peke yake, kilometa moja au mbili kwenye tambarare, na mtu anafurahi: angalia, bado inaenda! Lakini anakula kile kile kitakachohitajika kuamsha motere. Akikimaliza, hata umletee bidoni zima la esanse, haitawaka. Na kusukuma, hata kijiji kizima kikija, hakusaidii kitu; si kama moto au Land Cruiser ya zamani. Esanse ikiisha, simama hapo hapo, zima, tafuta esanse.

Kuna kosa lingine linalowaponza watu. Mbali na batri kubwa, kuna ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Prius ile iko nyuma, upande wa kuume. Kazi yake kubwa ni kuamsha kompyuta. Ikiisha, gari nzima inakuwa maiti: hakuna READY, hakuna kitu, na fundi mvivu anasema ni ile kubwa. Kumbe ni hii ndogo, unaipima kwa kifaa kile kile cha kupimia sola. Ukiisaidia kwa waya kutoka gari nyingine, angalia chanya na hasi mara mbili, maana kukosea kunachoma vifaa vya bei. Na usiitumie kuamsha Fuso ya jirani.

Kupima, na kutogusa

Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta anaweza kuona vipande vile 28 vikiwa vimefungwa viwili viwili, yaani mafungu 14, kila fungu na volti zake. Kuyasoma gari ikiwa imelala uani hakusemi mengi; karibu yote yatafanana. Mwambie mpande mlima pamoja, motere ikiwa ya moto, naye anaangalia. Fungu likianguka volti nzima au zaidi chini ya wenzake wakati wa kuvuta, hilo ni gonjwa. Mashine ikionyesha nambari P0A80, kompyuta yenyewe imeshakata tamaa na batri. Dalili ya nyumbani ni alama zinazoruka, saba zinakuwa mbili kisha saba tena ndani ya dakika chache, barabarani tambarare, kila siku.

Wengine wanabadilisha kile kipande kimoja tu. Inawezekana, na kwa mfuko wetu inaeleweka, lakini kipande kipya kati ya wazee 27 hakidumishi amani. Mara nyingi baada ya miezi mwingine anaanguka.

Na tafadhali, nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiyefundishwa. Volti 200 za mkondo mmoja zinashika mkono na haziachii. Hata baada ya kuchomoa kile kifungio cha usalama kwenye batri, fundi anasubiri dakika kumi, kwa sababu ndani ya kifaa cha kugeuza umeme kuna vikondensa vinavyoendelea kushika chaji. Ni mambo ya kwetu pia haya, kwa njia fulani: vikondensa vidogo vya tantali, metali inayotoka kwenye coltan kama ile ya Rubaya, viko kwenye vifaa vingi vya elektroniki, na bati kama la Bisie ndilo linaloshikilia vipande kwenye mabamba ya kompyuta. Metali inatoka hapa ikiwa udongo kwenye magunia, na mara chache sana inarudi na mtu wa kutueleza inavyofanya kazi.

Kuna pia vijana wanaonunua vipande vya batri za Prius zilizovunjwa ili kuwasha taa za nyumba. Kipande kimoja kimoja, volti 7.2, hakiui. Lakini kukiunganisha na regulateri ya sola iliyotengenezwa kwa batri ya risasi ni kukijaza bila kujua kimejaa, na ndani ya chumba cha kulala joto hilo si la kuchezea.

Dereva wetu, alipofika Goma, alikaa wiki mbili kabla ya kupata mtu mwenye mashine. Walipanda pamoja, gari ikiwa imejaa watu makusudi. Mafungu yote 14 yalishuka na kupanda karibu sawa. Kwenye feni, fundi alitoa vumbi la kujaza kikombe na ganda la karanga.